Zuhura wa Darini

Fundi Brashi aliandika mabango ya watu kwa miaka thelathini na minne, na hakuna herufi yake hata moja iliyowahi kumletea kesi. Duka la dawa, kinyozi, choo cha kulipia, "usitupe taka hapa", vyote vilitoka mkononi mwake vimenyooka kama vimepigwa rula. Kesi ilimjia kwa neno la herufi sita, tena aliloliandika bure, tena kanisani.

Hiyo bure ilikuwa na sababu. Yeye na mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na sita na kulea mabinti watatu bila kufunga ndoa kanisani. Walianza kwa pupa ya ujana, na waliposhtuka, majina yao yalikuwa kwenye orodha ya waliotengwa. Kila Meza ya Bwana ilipoandaliwa, wenzao walipanga mstari, wao wakabaki benchi la nyuma wakitazama visogo vya watu. Mume alizoea. Mke hakuzoea hata siku moja.

"Mimi nikifa," alikuwa akisema, mguu uko kwenye pedali ya cherehani, "watanizika kama mpangaji wako."

Basi kanisa lilipoezekwa upya na kuwekewa dari, mchungaji alimwita Brashi ofisini. "Fundi, tuchoree uumbaji pale juu. Ukimaliza, Jumapili hiyohiyo tunabariki ndoa yenu." Siku ile ile mkewe alinunua kitambaa cha rangi ya maziwa.

Wachoraji wengine wangekimbilia bustani, nyoka na jani la mtini. Brashi alichagua siku ya nne, ya mianga ya mbinguni, kwa sababu alikuwa na lake la kusema juu ya mbingu, na ukimkuta jukwaani angekuambia hata kama hukumuuliza. "Kuna watu wanazipigia ramli hizi sayari, eti wajue bahati yao. Bahati gani? Hawa ni vibarua! Mungu aliwaambia zungukeni, wanazunguka mpaka leo, hawajaomba hata maji ya kunywa. Anayemwabudu kibarua akamwacha mwenye shamba ana akili kweli?"

Lakini vibarua hao aliwapenda. Wiki saba alilala chali juu ya mbao, rangi ikimdondokea machoni. Aliyempenda kuliko wote ni yule mng'avu anayetangulia jua alfajiri. Huyo alimweka juu kabisa ya madhabahu. Bwana mwenyewe ameitwa nyota ya asubuhi, alisema, kwa hiyo mahali pake ni pale.

Yakabaki majina. "Aliyeziumba anaijua kila moja kwa jina lake," alisema, "mimi nani nizichore kama kuku wasio na mwenyewe?" Akamwendea katibu wa kanisa, mwalimu mstaafu wa sayansi, naye akamwandikia kwenye kikaratasi kwa mkono wake: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Brashi akayaandika yote kwa rangi ya dhahabu, herufi zenye ukubwa wa kiganja.

Jumamosi akina mama walikuja kufagia. Mwenyekiti wao akainua macho, ufagio ukasimama.

"Mirihi sijui ni mdudu gani, Zohali sijui. Ila hili ni jina la mtu. Jamani, Zuhura ni nani?"

Ulimi hauna mfupa. Kufika saa nane mchana Zuhura alikuwa ameshapata nyumba, umri na mtoto mchanga, na mtu mmoja alikuwa amemwona kwa macho yake akinunua sabuni. Saa kumi Brashi alikuwa mbele ya baraza la wazee.

"Ni sayari, wazee wangu, ile nyota ya asubuhi. Muulizeni mwalimu, ndiye aliyeniandikia."

Vichwa vyote vikamgeukia mwalimu. Uchaguzi wa wazee wa kanisa ulikuwa mwezi ujao, na mwenyekiti wa akina mama alikuwa na kura arobaini mfukoni. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi nilifundisha hesabu zaidi," alisema. "Sikumbuki karatasi yoyote."

Mwongo mkubwa! Jina hilo alilifundisha miaka thelathini, na watoto waliolikosea aliwachapa. Karatasi yenyewe Brashi alikuwa ameshaifutia brashi.

"Fundi, tusichoshane," mchungaji alisema kwa upole. "Ukikiri mbele ya kanisa, neema ipo, na ndoa nitaibariki kesho. Ukiendelea na habari za sayari, unatuita sisi wajinga. Hapo sitakuwa na la kukusaidia."

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja pindo la gauni. Alimweleza yote. Mke hakuhitaji shahidi. Miaka ishirini na sita mumewe alikuwa akimwita kwenye mlango wa jikoni aione nyota ile.

"Kiri," alisema.

"Nikiri nini? Si wewe unajua!"

"Najua. Lakini sitaki kuzikwa kama mpangaji. Kiri, baba, nivae nguo yangu."

Jumapili akakiri. Mtu aliyesema kweli maisha yake yote alisimama madhabahuni, chini ya nyota aliyoichora, akasema amezini na Zuhura. Alipoulizwa mara ngapi, akajibu hakumbuki, kanisa zima likaguna. Mkewe alikuwa amesimama kwenye gauni lake la rangi ya maziwa, macho mbele, akingoja kuitwa.

Mwenyekiti wa akina mama akanyoosha mkono. "Mchungaji, dhambi hii ni ya wawili. Mmoja ametubu. Mwenzake yuko wapi?"

Wazee wakanong'onezana. Mchungaji akakohoa. "Neno hilo ni la haki. Ndoa haiwezi kubarikiwa hawara akiwa bado yuko huko nje. Fundi, mlete Zuhura naye atubu, kisha tutaendelea."

Brashi angesema nini? Kwamba hayupo, na dakika tano zilizopita amekiri kwamba yupo? Mwalimu akaandika azimio hilo kwenye daftari la kumbukumbu, na jina la Zuhura hakulikosea hata herufi moja.

Jumatatu Brashi alipewa kopo la rangi afute jina. Nyota iliachwa, kwa sababu mchungaji aliipenda. Mkewe alilipunguza gauni kiuno likamkaa binti wa mwenyekiti, aliyefunga ndoa mwezi uliofuata, chini ya nyota ile ile.

Bado wanaishi pamoja. Msimu wa nyota ile kutoka alfajiri ukifika, mke hufungua mlango wa jikoni, akaitazama, kisha huita kuelekea chumbani, "Mzee, amka, bi mdogo wako ametoka. Mwambie akatubu upesi, mimi nazeeka." Mwanzoni alikuwa akicheka akishasema hivyo. Siku hizi hacheki, na Brashi hujifunika shuka gubigubi mpaka jua litoke.