Jipi Lililopanda Newala kwa Miguu Yake

Fikirini Alfani alirudi kutoka vita vya Wajapani huko Bama na vitu viwili: koti la jeshi la Keya lisilo na vifungo, na mapenzi ya jipi. Koti lilichakaa mapema. Mapenzi ya jipi yalizidi kukua kila mwaka, kama mtoto anayekula vizuri.

Askari wenzake waliporudi Masasi walisimulia mizinga na mvua zisizokatika. Yeye alisimulia jipi alilokuwa akiliendesha huko, jinsi lilivyokuwa likipanda milima kama mbuzi na kutoka topeni bila msaada wa mtu. Mwaka wa kwanza watu wa kijijini kwake, Mkomaindo, walimsikiliza. Mwaka wa pili wakaanza kummalizia sentensi zake. Mwaka wa tatu akabaki mkewe tu, Somoe, naye alisikiliza huku akichambua mboga.

Basi mwaka 1952, mpango mkubwa wa karanga wa Nachingwea ulipokuwa umekwisha kufa na Wazungu wake wanauza vyuma kwa mafungu, Fikirini akachukua baiskeli yake na mbuzi wote watatu, akaenda. Alikaa siku tisa. Alirudi juu ya lori la watu, bila baiskeli, bila mbuzi. Vijana sita wakashusha kitu mbele ya nyumba, wakakiegemeza kwenye mawe.

Somoe alitoka jikoni akakizunguka mara mbili.

"Baba Stamili, umenunua nini?"

"Jipi."

"Liko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kitu kile hakikuwa na magurudumu, hakikuwa na boneti wala viti, na ndani ya injini ndege alikuwa ametaga mayai manne. Fikirini alisubiri mayai yaanguliwe ndipo aanze kazi. Hakutaka jipi lake lianze maisha mapya kwa dhambi.

Ikaanza safari ya kutafuta viungo. Kumbe vipuri vya majipi vilikuwa vimetapakaa wilaya nzima, ila kila kimoja kilikuwa kimeshapata kazi nyingine. Gurudumu moja lilikuwa kwenye toroli la mwashi, na jingine kuku wa mtu alikuwa akilalia. Boneti aliikuta Lupaso, kwa bibi mmoja jina lake Anjelina, imetandazwa juu ya magogo na imejaa makopa ya muhogo.

"Shikamoo bibi. Hiyo ni boneti ya jipi."

"Marahaba. Hili ni sinia langu."

"Lina nyota ya jeshi, bibi. Tazama."

"Hata kanga zangu zina maua, wala mimi si shamba."

Fikirini alimwezekea paa siku tatu ndipo akapewa boneti. Tangu hapo injini ikipata moto, gari zima lilinukia muhogo mkavu.

Vitu visivyopatikana wilayani vilipatikana nyumbani. Gasketi alizikata kwenye sanduku la ngozi ambalo Somoe aliletewa siku ya harusi. Rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ilikuwa imetoboka, akaiziba kwa kipande cha sinia la shaba. Somoe alinung'unika, akanyamaza, akanung'unika tena. Halafu mchana mmoja, baada ya chakula, akaingia ndani kujilaza kidogo, na kichwa chake kikagonga ubao wa kitanda.

"Mito yangu iko wapi?"

Fikirini alikuwa nje, anashona viti vya jipi. Sufi ilikuwa imemjaa mpaka kwenye ndevu.

"Njoo uikalie," alisema kwa furaha. "Utaona ilivyo laini."

Kesho yake Somoe alimchukua Stamili, mtoto wao wa miaka minne, akapanda lori kwenda kwa mama yake Newala. Baada ya wiki mchuuzi wa vitambaa akaleta ujumbe, naye aliutoa mbele ya watu bila kupunguza neno: "Mama Stamili anasema, umemwacha yeye ukaoa chuma. Kama chuma hicho ni gari kweli, kije kimchukue. Kije kwa miguu yake chenyewe, kisisukumwe na mtu hata hatua moja. Mvua ya kwanza ikinyesha hakijafika, mjomba wake ataivunja ndoa."

Watu walicheka. Fikirini hakucheka. Aliwajua watu wa kule juu Newala. Kwao nyumba ni ya mama, na mwanamume akioa ndiye anayehamia. Yeye aliruhusiwa kukaa na mke Mkomaindo kwa kuwa alikuwa fundi na kazi ilikuwa huku, lakini mama mkwe wake, Bi Mwanaisha, hakuikubali ruhusa hiyo hata siku moja. Alikuwa akingoja sababu. Sasa amepewa, na imejazwa sufi.

Kwa miezi miwili Fikirini alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alioga akikumbuka. Mwezi wa kumi ulipokwisha injini ikawaka, ikakohoa moshi mweusi, ikatulia na kunguruma vizuri. Shafti ya mbele ndiyo haikupatikana, kwa hiyo magurudumu ya mbele yalikuwa abiria tu, yanavutwa yanakokwenda mengine. Hilo alilivumilia. Jambo lililomnyima raha lilikuwa kioo cha kutazamia nyuma. Gari lingeweza kwenda bila kioo, lakini Fikirini hangeweza kwenda nalo. Jipi la Bama lilikuwa na kioo, na hili lazima liwe nacho.

Kioo cha jipi kilikuwepo Mkomaindo, kimening'inia ukutani kwa kinyozi Mahmudu.

"Mahmudu, ndugu yangu, nipe hicho kioo."

"Na wateja wangu wajitazame wapi?"

"Wewe unavyonyoa, ni heri wasijitazame."

Mahmudu alicheka mpaka akaweka wembe chini. "Chukua. Lakini mkeo akirudi, mwambie aliletwa na Mahmudu."

Alikifunga katikati, juu ya kioo cha mbele, akakirekebisha mpaka akaona barabara yote ya nyuma. Asubuhi iliyofuata mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Newala. Fikirini akatia madebe mawili ya maji nyuma, akaondoka bila kunywa chai.

Jipi lilikwenda vizuri mpaka mlima ulipoanza. Hapo likaanza kunywa maji. Alimwaga debe la kwanza kwenye kona ya pili na la pili kabla hajafika kileleni. Alipotokea juu, kwenye ardhi tambarare, rejeta ilikuwa inapiga mluzi, na mbele yake barabara ilikuwa mchanga mwekundu mtupu, mzito kama unga. Ilibaki nusu maili kufika. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakachimba, yakatulia ndani ya shimo. Injini ikazimika.

Fikirini alishuka. Akachimbua mchanga kwa mikono, akatandika matawi. Lakini maji hayakuwepo, na kule juu kumwomba mtu maji ni kama kumwomba jicho. Wanawake wa Newala hushuka bondeni alfajiri, wakapanga foleni kisimani, wakapanda na debe kichwani, wakafika nyumbani jua limeshapinduka. Akatazama mawingu. Yalikuwa meusi sasa. Akaketi kwenye usukani, akashika kichwa.

Ndipo akasikia kandambili nyuma yake zikisimama ghafla. Mtu akaguna, kisha majani yakachakarika. Fikirini hakuhitaji kuambiwa. Mtu pekee anayeruka porini akimwona Fikirini barabarani ni mama mkwe wake.

Desturi ilikuwa wazi. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja huacha njia, na mama hujifunika. Maneno yakiwapo hupitia kwa mtu wa tatu. Asipokuwepo mtu, hupitia kwa chochote kilicho karibu, iwe kuku au kinu. Hapo hapakuwa na kuku.

"Wewe gari," sauti ilisema kutoka nyuma ya mkorosho.

Fikirini akakaza macho mbele. "Gari, mwambie mama shikamoo."

"Gari, mwambie marahaba. Na umwulize, mbona mnafuka moshi kama mnachoma mkaa?"

"Gari, mwambie mama una kiu."

Bi Mwanaisha alikuwa akifikiri, na kufikiri kwake kulikuwa na sauti, mmh, mmh, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Gari," alisema mwisho, "nimeshuka bondeni alfajiri. Nimegombana na wanawake wanne. Maji haya ni ya kupikia, ya kuoga mjukuu wangu, na ya mimi kutawadhia. Sasa nikunyweshe wewe?"

"Gari, mwambie mama kwamba ukipata nusu debe tu, utafika."

"Na nisipokunywesha, mvua itanyesha na binti yangu atabaki kwangu. Kwa nini nikusaidie, gari? Hebu niambie sababu."

Fikirini alitazama mchanga, akatazama mawingu. "Gari, mwambie mama kwamba wewe unabeba madebe kumi na mawili kwa mara moja."

Mmh za safari hii zilikuwa ndefu zaidi.

"Kumi na mawili," lilisema pori.

"Kutoka bondeni mpaka mlangoni."

"Gari, mwambie huyo mwanamume afungue mdomo wako kisha atazame kule."

Alifungua kifuniko cha rejeta, akaenda kusimama na uso kwenye mti. Akasikia maji yakiingia, taratibu, bila kumwagika hata tone. Alipoambiwa kupitia kwa gari kwamba arudi, akarudi kwenye usukani na kuwasha. Injini ikawaka. Magurudumu yakazunguka, yakarusha matawi, yakazama tena.

"Gari, mbona unazunguka tu kama mbwa anayetaka kulala?"

"Gari, mwambie mama ni mchanga. Na mwambie Mama Stamili alisema usisukumwe na mtu."

"Mimi nimejifunika uso," ilijibu sauti, tena kwa karibu zaidi. "Siwezi kujua nani anafanya nini. Mwambie akanyage mafuta."

Fikirini alikanyaga. Gari likatikisika, likainuka kidogo, na yeye, kama alivyofundishwa jeshini, akatupa jicho kwenye kioo.

Mle ndani alikuwemo Bi Mwanaisha mzima. Kanga ya kichwani ilikuwa imedondoka, ya kiunoni imefungwa fundo la vita. Viganja viko kwenye bati, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Naye, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukiona kioo cha gari kwa karibu, aliinua uso akashangaa kukuta macho mawili ya mkwewe yananing'inia hewani yakimtazama.

Wote wawili walipiga kelele. Fikirini kwa hofu akakanyaga mafuta mpaka mwisho, jipi likaruka kutoka shimoni, na Bi Mwanaisha akaangukia magoti. Lilisimama hatua ishirini mbele, kwenye ardhi ngumu.

Kumtazama mama mkwe usoni, kichwa wazi, ni aibu ya kusafishwa mbele ya ukoo. Fikirini alifumba macho.

"Wewe gari," sauti ilisema, na safari hii ilikuwa ya upole wa ajabu. "Umeona nini?"

"Gari halikuona kitu, mama. Yaani, gari, mwambie mama hukuona kitu."

"Vizuri. Na mimi sikusukuma kitu."

Akapanda nyuma na debe lake, akaketi kwa kutazama walikotoka. Hivyo ndivyo walivyoingia kijijini, mgongo kwa mgongo, huku honi ikilia na watoto wakikimbia pembeni.

Somoe alikuwa uani. Moyo wake uliruka, lakini hakuuonyesha. Alikwenda nyuma ya jipi na kulikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Bati la nyuma lilikuwa limejaa vumbi jekundu, na juu ya vumbi palikuwa na alama mbili za viganja vidogo, kimoja kikiwa na kidole cha mwisho kilichopinda. Somoe alivitazama. Kisha akatazama mikono ya mama yake, ambayo mama yake aliificha haraka ndani ya kanga.

"Mama, limesukumwa hili?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa na mkwe mbele yangu. Nilijifunika. Ningeona nini?"

"Baba Stamili?"

Jasho lilimtoka Fikirini. Akisema limesukumwa, amepoteza mke, na tena amekiri alimwona aliyesukuma. "Mimi," alisema, "nilikuwa natazama mbele. Dereva hutazama mbele."

Somoe aliwatazama, mmoja ameinamisha kichwa upande huu, mwingine upande ule, wanaogopa kuonana kama wezi wawili waliogawana kuku mmoja. Kwa miezi miwili mama yake alikuwa akimwambia mwanamume huyu hafai. Kicheko kikamshika. Alicheka mpaka akaketi mchangani, na Stamili akaja kumketia mapajani akicheka pia bila kujua sababu.

"Haya," alisema akifuta machozi. "Limefika kabla ya mvua. Nimerudi kwako, Baba Stamili. Mjomba nitamwambia mwenyewe. Kesho tunashuka Mkomaindo."

Bi Mwanaisha akakohoa. Alilielekea jipi.

"Wewe gari. Hawa wawili hawajui tuliyokubaliana. Nina pipa moja uani. Dada yangu ana mawili. Jirani ana moja, tena huyu ni mgonjwa. Yakijaa, nenda popote."

"Mama!" Somoe alisema.

"Sisemi nawe. Nasema na gari."

Somoe akamgeukia mumewe. Fikirini angeweza kukataa. Lakini mtu aliyemsukuma mpaka akapata mke wake alikuwa amesimama pale na magoti yenye mchanga, na yeye hakuweza hata kumshukuru.

"Gari," alisema kwa sauti ndogo, "mwambie mama tutaanza asubuhi."

Asubuhi jipi lilishuka bondeni likiwa na madebe kumi na mawili na wanawake saba. Somoe alikaa mbele, karibu na mumewe. Bi Mwanaisha alikaa nyuma kabisa, uso umeelekea Newala, akitoa amri juu ya bega: "Gari, punguza mwendo. Gari, hapo kona, si umeiona?" Na kila alipoamuru, Fikirini alitii, na Somoe alibana kicheko kwa upindo wa kanga mpaka wakafika kisimani.