Televisheni Yangu Mbele ya Wakwe

Shule niliacha darasa la pili, lakini Kalamba nzima mtu wa kwanza kununua televisheni ni mimi, kwa jasho langu. Aibu iliyonipata nayo nitaisema mwenyewe, maana sipendi kusemewa.

Wakwe walipoleta mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba kwetu Ukambani, kumposa binti yangu Mwende, niliiwasha kwa betri ya lori. Nilitaka wajue wanaoa kwa mtu mzito. Nikawafundisha jambo nililopata kwa mchungaji wetu: "tele" ni Kigiriki, maana yake mbali, si ile tele yetu ya mavuno. Telegramu ni maandishi ya mbali, telefoni ni sauti ya mbali, televisheni ni kuona mbali.

"Kwa telefoni namsikia mtu na yeye ananisikia," nikasema. "Basi hapa tunamwona na yeye anatuona. Kaeni vizuri."

Mama ya bwana arusi akavuta leso akafunika magoti. Msomaji wa habari akatokea, akasema, "Hamjambo?" Sote tukasimama tukaitika, "Hatujambo!"

Chakula kikaingia. Nikamwambia yule msomaji, "Mama, ngoja kidogo, wageni wale kwanza." Akaendelea. Nikarudia kwa ukali wa mwenye boma. Akaendelea tu.

Mkwe wangu, yule mama wa leso, akainuka, akatikisa kidole mbele ya kioo.

"Mkwe," akaniambia, "huyu wako anaona mbali kweli, lakini haoni kidole kilicho mbele ya pua yake."

Nyumba ikaangua kicheko. Mimi nikacheka kuwashinda wote, kwani televisheni ilikuwa ya nani?