Jogoo wa Mwalimu Asukulu

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kichwa changu kimekataa kuisahau, ingawa siku hizi kinasahau hata mahali nilipoweka miwani. Jana uliponionyesha daftari lako la shindano, maswali upande huu, majibu upande ule, yote umeyashika kichwani, niliinuka nikatoka nje. Ulidhani nimechoka. Sikuchoka. Nilijiona mwenyewe nikiwa na umri wako, na sikupenda nilichokiona.

Nilikuja hapa Baraka kutoka Kilembwe kumalizia shule. Kule kwetu, kila asubuhi kabla ya somo tulimwimbia na kumchezea Mkubwa wa nchi mbele ya picha yake, ile ya kofia asiyoivua kamwe, halafu maswali yakaanza. Nani ametuletea amani? Nani ametujengea barabara? Barabara yenyewe haikuwepo, tulikuwa tunapita porini kwa miguu, lakini jibu lilikuwepo, tena lilelile kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Wakanipigia makofi mpaka nikaamini nina akili.

Baraka nikamkuta Mwalimu Asukulu, mtu mwembamba, mpole, mpenda kuchekesha watu. Yeye ndiye aliyekuwa akitayarisha shindano kati yetu na wanafunzi wa Fizi. Nikashangaa. Swali moja unajibu peke yako, lingine mnanong'onezana kwanza. Hili ni ramani isiyo na majina, lile ni hesabu ya kichwani, lingine ni sentensi iliyokatwa katikati uimalizie. Kulikuwa hata na swali la ndagala, dagaa wa ziwa letu: kwa nini wavuvi wa Ubwari hawaendi kuwavua mwezi ukiwa mkubwa? Mimi mgeni niliona huko ni kupoteza wakati. Nikamwomba atupe majibu tu, tuyakariri. Akacheka, akaniambia nisikilize kwanza ninachoulizwa.

Sikusikiliza. Ningekuwa nimesikiliza, nisingekuwa na haya ya kukusimulia.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa, na mbele kabisa alikaa mkubwa mmoja wa chama ndani ya abakosi yake, lile koti la wakati ule lisilovaliwa tai. Kila meza ilikuwa na kengele ya baiskeli. Maswali ya mwisho Mwalimu aliyaandika kwa Kiswahili badala ya Kifaransa ili wazazi nao wafuate, na yalikuwa ya "mimi ni nani". Yanasomwa madokezo manne, moja moja. Ukijibu mapema unapata pointi nyingi. Ukikosea, wapinzani wenu wa meza ya pili wanasomewa yaliyobaki.

Mwalimu akasoma: "Nikipaza sauti asubuhi, mji wote unaamka." Akapumzika kidogo. "Niko na kofia ambayo sijaivua hata siku moja."

Nikagonga kengele. Mwanangu, sikufikiri. Kofia, sauti, watu wote wanaamka: kwangu mimi duniani kulikuwa na jibu moja tu. Nikasimama wima kama mbele ya bendera, nikamtaja Mkubwa wa nchi kwa majina yake yote. Watu wakapiga makofi, maana nani angethubutu kutopiga?

Mwalimu alibaki ameshika karatasi. Nilimwona jasho likimtoka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba jibu si hilo, na akataka kuikunja ile karatasi. Mtu wa abakosi akamwambia, akimwita raia kama chama kilivyotaka, "Endelea, sitwayeni mwalimu. Soma yote."

Akasoma. Dokezo la tatu: niko na wake wengi, na hakuna anayeniuliza. La nne: mugeni akifika, mimi ndiye ninayeingia ndani ya sufuria.

Alikuwa ni jogoo. Jogoo tu, wa uani, aliyetungwa ili kuchekesha bamama, lakini kwa jibu langu wake na sufuria vilikuwa vimemwangukia Mkubwa. Na kweli mama mmoja nyuma alicheka, halafu akajiziba mdomo. Wanafunzi wa Fizi walilijua jibu, niliwaona machoni, lakini hakuna aliyegusa kengele. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kuagana.

Jumatatu watu wa chama walimchukua Mwalimu mbele yetu, chaki ikiwa bado mkononi.

Kesho yake nikaitwa mimi. Ofisini kwao, biro kama tulivyoiita, walinipa kiti, wakanipa na limonadi baridi, ya kwanza maishani mwangu. Yule mkubwa wa abakosi akaniuliza kwa upole kabisa: nani alikufundisha kumtaja Mkubwa kwenye swali lile? Hakuna aliyenifundisha. Ilikuwa haraka yangu na ujinga wangu wa kutaka makofi. Maneno hayo yalikuwa mdomoni, tayari. Lakini nilimtazama usoni, nikaona jibu analolitaka, kama nilivyokuwa nikiliona kwa walimu wa Kilembwe.

Nikasema, "Ni Mwalimu."

Nikamaliza limonadi yangu. Miezi michache baadaye nikapewa nafasi ya kulala na kusoma bure Uvira, na kila kitu unachokiona kwangu, nyumba hii, vitabu hivi, hata heshima mnayonipa, kilianzia pale. Basi usiniambie tena kwamba nilifika kwa akili.

Mwalimu alirudi baada ya miaka mitatu. Hakuruhusiwa kufundisha tena. Nilikuwa likizoni nilipomkuta ufukoni, amezeeka, anaanika ndagala za mke wake. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru angenitukana. Akaipokea salamu yangu. Halafu akaniuliza swali moja.

"Mutoto wangu, ile siku kule kwa biro, balikuuliza nini?"

Nikamwambia yote, na jibu langu pia. Akageuza samaki wawili watatu.

"Lile swali lao lilikuwa jepesi," akasema. "Na jibu ulilijua."

"Nililijua, Mwalimu."

Akarudi kwa samaki wake. Alikufa kabla sijapata likizo nyingine, na msamaha sikuwahi kuuomba, kwa sababu pale ufukoni niliogopa atanipa.

Sasa nisikilize. Nenda kwenye shindano lako, ushinde ukiweza. Shika mito, shika hesabu, lakini usiguse kengele kabla swali halijaisha. Na jua kwamba siku moja utaulizwa swali ambalo haliko katika daftari lolote, na anayekuuliza atakuwa na limonadi mkononi na jibu lake usoni. Usimtazame usoni. Sema unachokijua, hata kama sauti inakutetemeka, hata kama nafasi ya Uvira wanampa mwingine. Mtu mmoja atakuwa amekaa mahali, chaki mkononi, anangoja ukiseme.

Mungu akupe kidole kizito na ulimi wa kweli. Akupe walimu kama yule, na akupe, mwanangu, uzee usio na ufuko unaoogopa kuupita.