Mkia wa Msafara

Mama huyu alichoshwa nasi kabla hatujapiga hatua hata moja. Tulikuwa tumejipanga nje ya kibanda cha walinzi wa bonde, kila mtu na fimbo yake, naye akapita nyuma yetu akivuta mikanda ya mabegi na kukagua kamba za viatu. Alipofika kwangu akashusha pumzi.

"Mzee, ndizo hizi raba?"

"Zinanitosha vizuri tu, mama."

"Kutosha, hata ndara zinatosha. Haya, simama mwisho. Mwisho kabisa, mbele yangu."

Watu wanamwita Mkia, na jina hilo halimuudhi. Kazi yake ni kutembea nyuma ya msafara: asimpite mtu, asimwache mtu. Anayechoka anakaa naye, kinachoanguka anakiokota. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimelala kwake, kwenye chumba kilicho ubavuni mwa jiko, na ukutani nikaona glavu zimetundikwa, moja moja, hakuna yenye mwenzake.

"Za wageni," alisema. "Mtu anadondosha moja, harudi kuuliza. Nizitupe? Haya, zikae."

Kisha akakaa karibu na buti zake, zilizojazwa magazeti zikauke, akawa anachua magoti kwa dawa huku akinieleza lililomkaa kooni.

Juu kabisa ya bonde lile kuna uwanda, na ndiko watu wote wanakokwenda. Maua yake hufunguka majuma machache tu ya mwaka, na jua la asubuhi likiyapiga, wanasema, mtu anasahau hata kiu. Lakini kabla ya adhuhuri ukungu hupanda ukafunika kila kitu. Walio mbele huyaona. Aliye nyuma, akicheleweshwa na goigoi wa siku hiyo, hufika akakuta weupe mtupu. Peke yake haruhusiwi kuingia, maana walinzi hawapitishi mtu bila msafara. Basi tangu nywele zake zikiwa nyeusi amekuwa akipanda kwenda kuangalia ukungu. Na sasa binti yake amekata shauri: magoti hayo basi, mama, unashuka mjini ukae nasi. Safari yetu ndiyo iliyokuwa yake ya mwisho.

"Si ungebadilishana na shemeji yako siku moja tu?" nilimuuliza.

"Yule?" Shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, ndiye anayeongoza mbele. "Kila mwaka ni mwakani, shemeji, mwakani. Eti wageni wanataka hadithi zake. Hadithi gani? Za chui ambaye hakumwona!"

Basi tukapanda. Mbele yangu alikuwa kinyozi mmoja mwenye kamera, kila ua analipiga picha kama ya pasipoti: uso, ubavu, na uso tena kwa kuwa upepo umelitikisa.

"Baba, hilo ni ndugu wa lile la kwanza," Mkia akamwambia. "Twende."

"Hili limefungua mdomo zaidi."

"Hata mimi nitaufungua sasa hivi."

Nami miguu yangu haijawahi kujua haraka. Nikiona jiwe zuri, nakaa.

"Mzee, umekaa tena?"

"Nalijaribu tu, mama. Wewe pita, nitafuata taratibu."

"Nikupite, halafu uporomoke huko bondeni, atakayeulizwa nani? Inuka!" Akatazama jua, akatazama raba zangu, akafumba macho kidogo.

Mara wa mbele wakasimama. Gogo la kuvukia kijito lilikuwa limesombwa na mvua. Shemeji akapaza sauti kwamba turudi hadi njia panda, tushike njia ya mbuzi inayopanda kwa nyuma. Hapo njia ni nyembamba, huku mwamba, huku korongo, ikabidi kila mtu ageukie pale pale aliposimama. Shemeji akaanza kujipenyeza. "Samahani, samahani, kiongozi anapita."

"Rudi, shemeji!" Sauti ya Mkia ikagonga mwamba. "Kwenye njia nyembamba hakuna kumpita mtu. Nani alitunga sheria hiyo?"

Shemeji akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Nauliza, nani?"

"Mimi, shemeji."

"Basi kaa huko huko nyuma. Na usiache mtu."

Kumbe magoti yale yalikuwa na mbio. Alipanda kama mtu anayekimbilia chungu kinachoungua, nami nimeshikilia mkanda wa begi lake nikivutwa mzimamzima. Kinyozi alipotoa kamera, mstari mzima ukamfokea.

Tukatokea uwandani jua bado linawaka. Maua ya njano na ya zambarau yalijaa hadi kwenye mawe ya mbali, yote yanatetemeka. Na Mkia? Alikuwa ameyapa mgongo, kidole kimenyooka, anahesabu vichwa vinavyochomoza.

"Mama, geuka!"

"Ngoja. Mmoja bado."

"Nani?"

"Shemeji."

Ukungu ulikuwa umeshaanza kulamba ukingo wa chini.

"Mama yangu, yule si ni kiongozi? Njia anaijua!"

"Wa mwisho ni wa mwisho, mzee. Hajafika."

Nusura nimshike mabega nimgeuze kwa nguvu. Ndipo shemeji akachomoza akihema, mikononi ana kofia, kifuniko cha chupa na glavu moja.

"Shemeji," akalalamika, "hivi hawa watu wako kwa nini wanadondosha vitu hivi?"

Hapo ndipo Mkia alipogeuka.

Aliangalia mbali, akaangalia karibu, kisha akapiga magoti, magoti yale yale, mbele ya vimaua vidogo vilivyolala chini kati ya mawe.

"Shemeji."

"Naam."

"Miaka yote unanisimulia ya njano, unanisimulia ya zambarau. Mbona hukuniambia kuna haya ya buluu?"

Shemeji akainama. "Buluu yapi?"

Mkia akanitazama mimi, akatazama mbingu. "Anapita hapa kila siku," akasema. "Kila siku!"

Ukungu ukatufikia, nikawa simwoni tena. Nilisikia tu anavyoendelea kumfokea shemeji yake, na sauti ilitoka chini kabisa, pale pale alipopiga magoti.