Mkeka Mzuri, Pita na Kwangu

Nawaambia ukweli: siku hizi nikiona "Mashallah" chini ya maandishi yangu, damu yanichemka. Si kwa neno lenyewe, astaghfirullah. Ni kwa wanaolitupa pale wakaenda zao bila kusoma hata mstari mmoja.

Nina blogu. Naandika mambo ya majumbani kwetu hapa Lamu: mapishi, mikeka, udi, namna ya kutoa harufu ya samaki mikononi. Naandikia nyumbani Wiyoni, kando ya mama, simu mkononi. Mwanzo nilisomwa na ndugu zangu tu, nao walisoma wapate la kunicheka. Kisha mwalimu mmoja wa kutoka bara, anayefundisha hapa kisiwani, akanitia katika kundi la simu la wanablogu. Wengi ni watu wetu, wa hapa Amu, wa Pate, na waliohamia Kililana ng'ambo. Mwalimu ndiye mkuu wa kundi, na sheria yake ni moja: "Wasee, tusapotiane. Linki ikiingia, kila mtu afungue, aache komenti, asambaze."

Sisi tuliielewa sheria ile upesi kuliko alivyotaraji, maana ndiyo tuliyolelewa nayo. Jirani akikuletea sahani ya futari, huirudishi tupu. Utaweka kaimati, utaweka tende, ukikosa kabisa utaweka hata sukari kidogo. Basi kundini ikawa vivyo hivyo: weka neno kwangu, nami niweke kwako. Lakini sahani ya jirani waifunua ukaonja! Hawa wenzangu walikuwa wakirudisha sahani na kawa yake juu, hawajui ndani mlikuwa na pilau au mlikuwa na mchanga.

Nami nikazidi kuharibu. Nikatangaza zawadi: kila mwisho wa mwezi, anayeacha maoni mengi kushinda wenzake nitampikia mkate wa sinia kwa mkono wangu, aje auchukue nyumbani. Lo! Maoni yalimiminika. Niliandika jinsi ya kuzibua mfereji wa choo, mtu akaniandikia, "Mashallah, yaonekana tamu."

Nilicheka, nisiwe mwongo. Nilicheka mpaka lilipofika la mama.

Mama alipatwa na kiharusi. Alhamdulillahi alibaki nasi, lakini maneno yakawa yanamjia vipande vipande, na katika vipande hivyo kimoja hakikuondoka: mwendani wake wa utotoni. Mama ni mzaliwa wa Mbwajumali, kisiwani Pate. Huko walikuwa wasichana wawili, yeye na huyo rafikiye mwenye shoto, wakasuka mkeka mmoja pamoja. Kila mmoja alisuka ukili wake, zile shupatu ndefu za majani ya mkindu, kisha wakaziunganisha kwa kuzishona. Nusu moja ya mkeka ule msuko wake umelala upande huu, na wa nusu ya mwenye shoto umelala upande wa pili. Mama aliolewa huku akaja nao. Ndio anaoukalia mpaka leo.

"Mwendangu u wapi?" akawa aniuliza kila asubuhi. "Mbona hayi?" Yaani, mbona haji.

Kaka yangu alivuka hadi Mbwajumali akauliza. Akaambiwa jamaa zile zilihama zamani, wengine bara, wengine Mombasa. Mama mwenyewe alikuwa analikumbuka jina la utani la mwendani wake tu, na wanaolijua wengi wamekwisha kufa.

Nikasema, si nina watu mimi? Si nina kundi zima la watu wa visiwa hivi? Mwezi wa Shaabani nikaupiga picha mkeka, nikaandika habari yote: jina la utani, shoto, misuko iliyolala pande mbili. Nikamalizia kwa kuomba. Niliomba wallahi, kama mtu anayeomba maji: yeyote anayemjua bibi huyu aniambie, mama yangu anamtaka na hali yake ni hii. Nikaitia linki kundini.

Maoni yakaja mengi kuliko siku zote. "Mashallah." "Kazi safi." "Mkeka mzuri, pita na kwangu." "Bei gani na mnaleta Malindi?" Mmoja akaweka makofi matupu. Nikaandika kundini, jamani someni, mimi nauliza mtu, siuzi mikeka! Mwalimu akanijibu kwa upole wake, "Dada, usijali, linki imesambaa vizuri sana." Imesambaa! Nilitamani kuitupa simu kisimani.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Mama hakuacha kuuliza. Baada ya Idi nikakumbuka ahadi ya zawadi, na ahadi ni ahadi ijapokuwa moyo umekasirika. Mshindi alikuwa msichana mmoja aliyeolewa Kililana, blogu yake ya mitindo ya buibui. Hakuna linki iliyompita yule. Nikapika mkate wa sinia, nikampigia, akaja, mpole, mwenye haya, akiniita dada kila neno.

Nikamkaribisha ndani. Mama alikuwa amelala kidogo mkekani, basi msichana akakaa upande wa pili wa mkeka. Mkono wake ukawa unapapasa msuko. Kisha akauinamia.

"Dada, huku mbona kumelala upande mwingine? Nyanya yetu alikuwa akisuka hivi hivi. Alikuwa na shoto."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu, nakata mkate. Nikakiweka chini. Nikamuuliza nyanya yake ni mtu wa wapi, akasema Mbwajumali. Nikamtajia lile jina la utani. Akashtuka. "Dada umelijuaje?"

"Nimeliandika!" Sauti ilinitoka kubwa. "Nimeliandika na picha ya mkeka huu huu uliokalia! Na wewe ukaniwekea neno!"

Akafungua simu akatafuta. Nami nilikuwa nimelikumbuka lake kabla hajalipata: mkeka mzuri, pita na kwangu. Akasoma maandishi yangu kuanzia juu, mara ya kwanza, midomo ikimcheza.

"Niliona picha tu, dada," akasema. "Linki zilikuwa nyingi siku ile." Kisha akasema nyanya yake alikuwa kwao Kililana miaka yote hii, katika chumba cha uani, akimtaja mwendani wake aliyeolewa Amu, nao wakidhani ni maneno ya uzee. Walimzika katika kumi la mwisho la Ramadhani.

Kutoka Wiyoni hadi Kililana ni kuvuka maji haya tunayoyaona kila siku. Mwezi ule wa Shaabani, nilipoandika, alikuwa hai. Nilitaka kumpiga yule msichana, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote.

Mama alikuwa amefumbua macho. Sijui alisikia mangapi. Alilisikia lile jina, maana alikuwa anatabasamu kwa ule upande wa uso unaomtii. Akanionyesha mkate. Nikamkatia kipande. Akakataa, akakisukuma, sahani na yote, kwa msichana.

"Mpelekee," akasema.

Msichana akanitazama. Nami nikamtazama. Kisha akaondoka na ile sahani ameifunika kwa mtandio wake.

Wiki iliyofuata akairudisha mwenyewe. Juu yake aliweka ukili uliozungushwa, haujamalizika, mwisho wake majani yangali wazi, ulioachwa na nyanya yake. Nikaiweka sahani mapajani mwa mama. Akaupitisha ukili kwenye vidole vyake polepole, akaulaza juu ya ile nusu ya mkeka isiyokuwa yake. Ukalala sawasawa.

"Ni wake," mama akasema, kwa sauti safi ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. "Sasa mwambie aye mwenyewe."

Nikamwambia, ewalla mama, nitamwambia.