Mstari wa Kathini

Watu tukipita nao barabara ya Mutomo hunionyesha ile nyumba kana kwamba siijui. "Mulinge, kazi ulifanya pale ni safi." Nawashukuru, maana fundi akisifiwa hushukuru. Lakini nyumba ile ikitajwa huwa nakasirika, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka kwa sababu nyundo nilishika mimi.

Ni nyumba ya Kathini, mjane wa Ndolo. Ndolo aliijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe: vyumba vinne, madirisha madogo ya mbao, na jiko peke yake kule nyuma, kama majiko yetu yote. Ndolo akafa, watoto wakaondoka, Kathini akabaki na mbuzi wake na mkonge wa kusuka vyondo. Kisha presha ya macho ikamchukua jicho moja, na baada ya miaka miwili la pili. Alipofikishwa hospitali hapakuwa na cha kuokoa.

Tukajua atahamia kwa mtoto. Hakuhamia kokote. Alipika, alifua, alikama mbuzi. Ukimtembelea alikutangulia ndani akakuvutia kiti, na mgeni wa mbali angeweza kunywa chai yake yote asijue kwamba mwenyeji haoni. Alikuwa na kiburi, tuseme ukweli, na mimi kiburi chake kilinifurahisha. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kumshika mkono amvushe kizingiti cha mlango wake mwenyewe. Kathini akamwambia, "Niachilie. Hapa wewe ndio unaweza kupotea, si mimi." Aliishi hivyo miaka kumi na mmoja.

Mwanawe mkubwa, Gedion, ana kazi Nairobi na gari la kupendeza. Mwaka jana bintiye Yvonne alipata mchumba, na watu wa mchumba wakatuma neno kwamba wataleta ntheo, mbuzi wa kufungulia mahari. Mbuzi wa ntheo hupelekwa nyumbani kwa kina msichana, tena nyumbani kwenyewe, si kwenye nyumba ya kupanga ya Nairobi. Hapo aibu ikamshika Gedion. Alikuja Jumamosi moja, akasimama katikati ya sebule ya mama yake, akaiangalia dari kama mtu anayekagua zizi, halafu akanitoa nje tuongee.

"Fundi, hii nyumba toa kila kitu ya ndani. Nataka open plan. Tiles, gypsum, choo ya ndani, jikoni ya gas. Ukuta ya nje tu ndio ibaki."

"Na mwaitu?"

"Mama anaenda kwa Mumbua kule Salama kupumzika. Usimwambie kitu. Ni surprise."

Basi Kathini akapelekwa kwa binti yake akidhani anaenda kumbeba mjukuu mchanga. Alikaa huko miezi miwili.

Siku ya kwanza ya kazi niliuona mstari. Ulianzia kwenye fremu ya mlango wa mbele, kimo cha kiuno, mweusi, unang'aa, upana wa vidole vinne. Ulipita sebuleni, ukakata kona, ukaingia chumbani hadi kitandani, ukatoka tena hadi mlango wa nyuma. Mahali pengine plasta ilikuwa imelika hadi ikawa laini. Sikuufikiria. Kuta za katikati tuliziangusha pamoja nao, na kwenye kuta zilizobaki niliusugua kwa msasa, nikapaka rangi ya krimu.

Asubuhi ulikuwa umerudi. Nilipaka tena, ukarudi tena, safari hii wa manjano. Mafuta hupenya rangi, hilo kila fundi analijua, lakini niliposimama pale na brashi ndipo nilipojiuliza ni mafuta ya nini. Nikaweka kiganja juu yake nikatembea. Ulinifikisha mlango wa nyuma. Nje kulikuwa na waya wa kuanikia nguo, nikaushika, ukanipeleka hadi ukuta wa jiko, na pale kwenye ukuta mstari uliendelea.

Nilimpigia Gedion simu. Nalisema hili ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

"Huu mstari ni mkono ya mwaitu," nikamwambia. "Hii ndio barabara yake."

"Sasa wageni wakuje kuangalia uchafu ya mkono? Mulinge, toa hiyo kitu."

Nikautoa. Nilichimba kwa tindo hadi kwenye tofali, nikapiga plasta mpya, nikapaka rangi mara tatu. Haukurudi.

Siku aliyoletwa Kathini tulimngoja wote, majirani na watu wa kanisa, na Yvonne ameshika simu akirekodi. Gedion alimshika mama yake mkono, akamvusha mlango, akamwachilia katikati ya chumba. "Mama, guza!" akasema. Kathini akanyoosha mkono wa kushoto mahali ukuta ulipokuwa. Akanyoosha na wa kulia. Akakohoa, akasikiliza kikohozi chake kinavyokwenda mbali.

"Tutaingia lini?" akauliza.

Watu walicheka sana. Walidhani ni mzaha, maana alikuwa mtu wa mizaha. Yvonne anayo mpaka leo ile video. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango nikiangalia ile mikono, nikataka vigae vyote vipasuke niingie chini.

Ntheo ilikuwa nzuri. Mbuzi waliletwa, wageni wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, Gedion akapigwa picha chini ya taa za dari. Kathini alikaa kwenye sofa walipomweka. Kina Gedion walipoondoka, wakamwachia msichana wa kazi, Kanini, na mwanamke aliyekuwa akikama mbuzi peke yake akawa anaongozwa chooni. Siku moja Kanini alikwenda sokoni. Aliporudi alimkuta Kathini ameketi sakafuni, katikati ya ule uwanja, nguo zimeloa. Jioni ileile Kathini aliomba afikishwe mlango wa nyuma tu. Akaupapasa waya wa nguo, akaushika, akahamia jikoni.

Mle jikoni alirudi kuwa Kathini. Alitandika magunia pembeni, mafiga upande huu, maji upande ule, na mkono wake ukutani. Wiki ya pili alikuwa anampikia Kanini, si Kanini anayempikia yeye. Nilipita kumsalimia nikamkuta anasuka kyondo huku anaimba wimbo wa kanisa, nikaenda zangu nimefurahi kama mpumbavu.

Mtu fulani wa kanisani akampiga picha amelala kwenye masizi, akamtumia Gedion. Gedion akanipigia.

"Watu wanasema nimetupa mama yangu jikoni! Nimemjengea palace na analala na kuku! Angusha hiyo jikoni. Ikienda atazoea nyumba."

Ningekataa. Niliwaza hivyo njia nzima, kwamba ningekataa. Lakini Gedion alikuwa ameniahidi kazi ya nyumba ya mkwe wake, nami nilijiambia kwamba nisipokwenda atatafutwa mwingine wa kumrushia mwaitu vyombo vyake nje. Ndivyo nilivyojidanganya, na nilijidanganya vizuri.

Nilifika Jumatatu asubuhi. Kabla sijapiga hodi akanisalimu kutoka ndani, "Wakya, Mulinge."

"Aa, mwaitu."

"Umekuja kumalizia?"

Nikaificha nyundo nyuma ya mgongo. Namficha nyundo mtu asiyeona!

"Nimekuja tu kukusalimia."

"Basi weka hiyo chuma chini unywe chai."

Alinimiminia chai bila kumwaga hata tone. Nikanywa vikombe viwili, yeye akiongea habari za mbuzi na mvua ambayo haikuja. Halafu akainuka, akapitisha kiganja ukutani polepole kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga na kurudi, akakifuta kwenye leso yake. Nikamsaidia kutoa vyombo nje.

Kufika saa sita jiko lilikuwa chini. Nyumba hakuizoea. Sasa yuko Salama kwa Mumbua, kwenye chumba cha kupanga kando ya barabara kuu, na nasikia hatoki kitandani mpaka ashikwe mkono. Ile nyumba imefungwa. Kila mwisho wa mwezi naenda kupanguza vumbi, kwa sababu ufunguo ninao mimi.