Mlango wa Watumishi

Bibi niliyemhudumia nyumbani kwake hapa Sydney alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo kila alasiri nilimsomea riwaya za kuchekesha za mabwana wa Kiingereza. Nilizipenda kuliko yeye. Mle ndani mtu mzima hawezi kuvaa soksi bila mtumishi, na balaa kubwa kuliko yote ni mgeni kuingilia mlango wa watumishi. Hakuna anayekufa. Mimi kwetu Kivu nilikuwa nimezika vya kutosha.

Bibi akafa. Nikapika wali na maharage, nikapanda treni mtaani kwangu Merrylands nimepakata sufuria, nikaenda matangani. Nani husubiri kualikwa msibani? Nje hapakuwa na kiti hata kimoja, ndani hapakuwa na kilio, watu wachache tu wameshika glasi. Mwanawe, ambaye miaka yote ile sikuwahi kumwona akija kumjulia hali, alifungua mlango, akaitazama sufuria, akaniambia kwa upole kwamba wahudumu wanapita nyuma.

Ilikuwa kama vitabuni kabisa. Nilizunguka nyumba huku kicheko kikinipanda, na mtu pekee ambaye angecheka nami alikuwa mochari.